Kesi zimezidi mwaka huu: kituo chetu kimeshindwa, au kimeaminiwa?

SWALI: Asalaam aleikum mzee wangu, na shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi katika shehia moja (eneo dogo linaloongozwa na sheha) ya Wilaya ya Wete, Pemba. Mwezi uliopita mkuu wa kituo chetu alikuja kwenye mkutano wa shehia kutusomea kazi za polisi za mwaka mzima. Kesi zilizoripotiwa zimezidi kuliko mwaka wa nyuma, na za udhalilishaji wa kijinsia wa watoto zimepanda karibu mara tatu. Kisha akataja waliyoyafanya pamoja na jamii: bonanza la mpira, usafi wa hospitali, futari kwa mayatima, kutembelea skuli mbili. Watu wakaguna. Mzee mmoja akasimama akasema, "Nyinyi mnacheza mpira huku watoto wetu wanaharibiwa," na kikao kikavunjika kwa hasira. Sasa ripoti ninayo mimi, na sheha anataka kamati iandike maoni yake. Je, askari hawa wamefanya kazi au hawakufanya? Na mpira na futari ni kazi ya polisi kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam, na marahaba mwanangu.

Ripoti za Januari nimezisoma mwenyewe mbele za watu, Unguja na Pemba, miaka yote niliyovaa sare. Nimesimama chini ya mwembe nikaguniwa vivyo hivyo, na najua mkuu wa kituo chenu alirudi nyumbani na moyo gani jioni ile. Sasa nimestaafu, nakaa upande wenu, nasomewa kama mnavyosomewa. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa nimekaa pande zote mbili.

Swali la kwanza nalijibu mapema. Kwa hayo uliyonitajia peke yake, hakuna anayeweza kusema kituo kimeshindwa. Na ule mstari uliowaudhi watu kuliko yote, wa kesi za watoto, mimi ndio ulionipa matumaini kidogo. Lakini katika ripoti hiyo upo mstari ambao hamkusomewa, na huo ndio kamati yenu iudai.

Tuanze na hesabu. Polisi wa Tanzania huhesabu makosa kuanzia Januari hadi Desemba, tofauti na bajeti ya Serikali inayokwenda Julai hadi Juni. Makosa makubwa ya jinai hupangwa mafungu matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Kila fungu lina tabia yake, na anayeyajumlisha yote akasema "kesi zimezidi" amechanganya mchele na chuya.

Chukua fungu la mali. Mtu akiibiwa mbuzi, au karafuu zake zikibebwa jamvini usiku, huja kituoni ikiwa bado ana tamaa ya kuvipata. Akishakata tamaa na polisi, haji. Kituo kilicholala huweza kuonyesha wizi mdogo kabisa katika vitabu vyake, na wizi upo mitaani. Fungu la maadili ya jamii, ambamo mna dawa za kulevya, bangi, pombe haramu na magendo, linakwenda kinyume na hapo, kwa sababu halina mlalamikaji. Muuzaji hashitaki, mnunuzi hashitaki. Kesi hupatikana askari wanapotoka kuitafuta. Mwaka wenye kesi nyingi za unga mara nyingi ni mwaka ambao askari walihangaika. Mwaka usio na hata moja, na huku vijana mnawaona wamejikunja barazani mchana kutwa, huo ndio wa kuutilia shaka.

Ama fungu la binadamu lina vitu viwili visivyofanana. Mauaji ni vigumu kufichika, kwa hiyo hesabu yake kwa kawaida ni ya kweli. Udhalilishaji wa watoto unafichika kuliko kosa lolote nililopata kulipeleleza. Kinachofika kituoni ni sehemu tu, na ikiongezeka huwezi kujua papo hapo kama kosa limezidi au pazia limefunguka.

Tena angalieni udogo wa shehia yenu. Chukulia mfano wa shehia yenye watu 3,000. Kesi za kupigana zikitoka 4 zikawa 6, mtu atasimama aseme zimepanda kwa asilimia 50, na kumbe ni nyumba mbili zilizogombania mpaka wa shamba. Kwa idadi ndogo hivyo, mwaka mmoja na mwenzake haulinganishwi. Ombeni miaka mitano ya nyuma, kituo kinayo katika madaftari yake. Kisha tazameni na za wilaya nzima: Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar hutoa takwimu za udhalilishaji na za ajali za barabarani zikiwa zimegawanywa kwa wilaya. Mtaona shehia yenu imekaa wapi katika Wete yote. Na mtaona jambo ambalo halijabadilika muda wote nilioifuatilia: wengi wa wanaodhalilishwa visiwani kwetu ni watoto.

Sasa nije kwenye muhali, maana bila kuuelewa huo ripoti yoyote ya polisi wa Pemba itakupoteza.

Msomaji wa bara akisikia neno hili huenda akafahamu jambo lisilowezekana. Sisi tunalitumia kwa ule uzito wa moyo unaomzuia mtu kumkatalia au kumshitaki mtu wake. Na Pemba nani si mtu wako? Aliyetenda ni mjomba, au shemeji, au jirani aliyekuuguzia mamako, au mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewasomesha watoto wote wa mtaa. Ukimpeleka polisi hukumpeleka yeye peke yake. Umekosana na mkewe, wazee wake, na watu wa kikao cha harusi ya mwakani. Basi watu wanakaa, wanasema "tusitiriane", wanakubaliana fedha, au wanamwozesha binti kwa aliyemharibu, na faili halifunguliwi. Likifunguliwa, shahidi hatokei mahakamani.

Nitakwambia moja ambalo sijaacha kulifikiri. Nikiwa bado kijana kazini, mama mmoja alikuja kituoni usiku amemshika mkono binti yake wa miaka minane. Alieleza kila kitu bila kulia, nami nikaandika. Siku ya tatu asubuhi alirudi na wazee wanne wa upande wa mume wake. Mkubwa wao akanambia kwa adabu kabisa: "Afande, tumeshakaa kama familia, tumeshayamaliza." Mama alikuwa ameinamia ncha ya kanga yake, hakunitazama. Nikamwuliza, akatikisa kichwa kukubali. Lile faili nililiacha likafa kwa mkono wangu, nikidhani nimeheshimu wazee na nimewanusuru na aibu. Mambo hayo hayakuwa yangu kuyaacha wala yao kuyamaliza. Kosa la jinai si mali ya familia, ni kosa dhidi ya Serikali. Miaka sita baadaye mtu yule yule aliletwa kituoni kwa mtoto mwingine.

Ndiyo maana nikisikia kesi za watoto katika shehia ya Pemba zimepanda mara tatu, swali langu la kwanza ni hili: zilifikaje kituoni? Hapo ndipo utakapojua kama ni imani au ni msiba tu. Mama akija mwenyewe siku ile ile au ya pili yake, mwalimu akileta taarifa, sheha akimsindikiza mzazi, mtoto akimweleza askari aliyemwona skuli, basi kituo kimeaminiwa na kazi imefanyika, hata kama hesabu inaumiza kuitazama. Lakini ikiwa nyingi zimegunduliwa hospitali kwa sababu binti ana mimba ya miezi mitano, basi hakuna aliyekiamini kituo. Mimba ndiyo iliyosema. Mkuu wa kituo ana uwezo wa kuwajibu hili bila kutaja jina la mtu, maana kila taarifa inayoandikwa huonyesha nani ameileta na lini.

Siku hizo za mwanzo zina uzito ambao watu wengi hawaujui, kwa hiyo niruhusu nitoke njiani kidogo. Mtoto aliyedhalilishwa asiogeshwe, wala nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa kitambaa kikavu, si mfuko wa plastiki unaozifanya zitoe unyevu na kuoza. Afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zikicheleweshwa zaidi ya hapo hazisaidii. Chake Chake kuna kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambamo daktari, mshauri nasaha na askari wanakutana na mtoto mahali pamoja, asisimulie msiba wake dirisha hadi dirisha. Fomu ya polisi namba 3, ile tunayoiita PF3, hujazwa hapo hapo. Na mzazi anayesema "tusubiri kwanza kikao cha familia Ijumaa" amekwisha kuuacha ushahidi ukapotea, hata kama hakukusudia.

Narudi kwenye ule mstari ambao hamkusomewa. Ni mwisho wa mafaili.

Watu wa shehia wakisikia kesi imeripotiwa na mshitakiwa wanamwona anakunywa kahawa Bopwe, hapo hapo Wete, hasira yote inamwangukia mkuu wa kituo. Lakini faili lina safari. Linaanza kituoni kwa maelezo na RB, ile namba ya taarifa katika kitabu cha polisi. Linapita hospitali kwa PF3. Mpelelezi anakusanya mashahidi na vielelezo. Kisha linakwenda Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ashitakiwe au faili lirudi kwa upelelezi zaidi. Zanzibar polisi si waendesha mashtaka tena kama zamani zetu, tulipokuwa sisi tunapeleleza na sisi tunasimama mahakamani kumhoji shahidi. Kazi hiyo iko kwa wanasheria wa Mkurugenzi wa Mashtaka, ofisi iliyowekwa katika Katiba ya Zanzibar. Mahakama nayo inafuata Sheria ya Adhabu Namba 6 na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Namba 7, zote za mwaka 2018, na tangu 2021 kuna mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji.

Kwa hiyo mnaposomewa kwamba kesi za watoto ni kadhaa, ulizeni mgawanyo wake. Ngapi ziko mikononi mwa mpelelezi, na ya muda mrefu kuliko zote ina miezi mingapi? Ngapi zimepelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na ngapi zimerudishwa na kwa kasoro gani? Ngapi zimefika mahakamani? Ngapi zimetolewa hukumu? Na hii ya mwisho iulizeni kwa sauti kubwa: ngapi zimefutwa kwa sababu shahidi hakuja? Ya kwanza na ya pili ni mizigo ya kituo. Zikichelewa bila sababu, au zikirudishwa mara kwa mara kwa kuwa PF3 haikujazwa sawasawa au shahidi muhimu hakuandikwa maelezo, hapo mna haki ya kukasirika na mkuu wa kituo. Ile ya shahidi kutokuja si mzigo wake. Shahidi ni wa shehia yenu, ana jina, ana nyumba, na huenda siku ile alikuwepo mkutanoni akiguna na wenzake.

Tahadhari moja hapo. Msiruhusu kesi moja moja kusomwa hadharani. Katika shehia ndogo ukisema tu "mtoto wa darasa la tatu, mtaa wa bondeni", umeshamtaja. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na faragha yake haiondoki kwa sababu kamati ina uchungu. Jumla zinatosha.

Sasa mpira na futari.

Polisi Jamii, ule utaratibu wa askari kufanya kazi bega kwa bega na raia, ilishika kasi nchini kuanzia 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali. Nilikuwa miongoni mwa waliopokea maelekezo yale kwa mashaka, kwa sababu tulizoea kwamba raia na askari hukutana pakiwa na balaa. Baadaye nikayaamini, na sababu yake haikuwa semina. Kijana mmoja niliyekuwa nikicheza naye mpira jioni alikuja kuniambia wapi ng'ombe wa wizi wanachinjwa. Hangekuja kituoni hata kidogo. Alinijia mimi, kwa jina langu, tena uwanjani, tukifunga viatu.

Kwa hiyo bonanza ni kazi ya polisi ikiwa linazaa hilo. Kipimo changu ni rahisi: waulizeni vijana kumi wa timu zilizocheza, askari gani mnamjua kwa jina, na mara ya mwisho mlimwona lini. Wakikutajia jina na wakakwambia juzi alipita, mpira ule ulikuwa na maana. Wakikwambia hawajaonekana tangu siku ya kombe na picha, basi hiyo ilikuwa burudani tu. Sina ugomvi nayo, ila isihesabiwe.

Futari kwa mayatima na usafi wa hospitali ni sadaka. Mwenyezi Mungu awalipe askari waliotoa katika mshahara wao. Lakini ningekuwa mimi ninayeandika ripoti ningeziweka ukurasa wa mwisho, mbali na kazi. Zikichanganywa na ulinzi, watu wanaona wanafunikwa macho, na ndivyo ilivyotokea kwenu.

Skuli ndiko ninakoona upungufu hasa. Skuli mbili kwa mwaka ni chache mno, na naogopa zilikuwa zile za kusimamisha wanafunzi wote uwanjani juani, afande anahutubia dakika ishirini, anapigiwa makofi, anaondoka. Mtoto mwenye siri hasemi mbele ya wenzake mia nne. Ziara inayofaa ni ya askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, lile dawati la polisi linaloshughulikia kesi hizi, na kwa wasichana awe mwanamke, anayeingia darasa moja moja, walimu wakitoka nje, anawaeleza watoto mwili wao ni wao, anawaachia namba 116 ya simu ya mtoto ambayo haikatwi fedha, na anarudi baada ya mwezi mmoja. Kule kurudi ndiko kunakofungua mdomo. Mara ya kwanza mtoto anakusikiliza. Akikuona tena ndiyo anaamini kwamba hukuja kupita tu. Na msisahau vyuo vya Kurani. Watoto wetu wanakaa huko saa nyingi, na masheikh wengi niliowafuata kwa heshima, kabla ya kwenda na sare, walinifungulia milango wao wenyewe.

Ripoti yenu pia ingenipa moyo kama ingefuata mwaka wa Pemba jinsi ulivyo. Nakusudia msimu wa karafuu. Kila mtu Wete anajua karafuu zikikomaa, maisha yote yanahama. Wachumaji wanakuja kutoka mbali, kambi zinasimama mashambani, fedha taslimu inazunguka, majumba yanabaki na bibi na watoto. Watoto nao wanaingia chini ya mikarafuu kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, peke yao, mbali na macho ya wazazi, na wapo wanunuzi wanaowangojea njiani na vijisenti. Hapo pana wizi, pana magendo yanayotafuta njia ya bahari, na pana hatari kwa watoto kuliko miezi mingine yote. Kituo kinachoijua kazi yake hupanga doria zake kwa msimu huo: kinaandikisha kambi pamoja na sheha, kinamjua msimamizi wa kila kambi, kinawasaka wanunuzi wa mpeta badala ya kuwafukuza watoto. Kisha inakuja Ramadhani na usiku wake mrefu, inakuja Idd na watoto wanaomiminika viwanja vya sikukuu, bodaboda zikiwabeba watatu watatu bila kofia ngumu. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, nazo ni nzuri, ila nyakati za hatari kwetu haziko Novemba tu. Muulizeni mkuu wa kituo: msimu uliopita mlikuwa wapi usiku? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko kombe.

Kuna jambo moja la uhusiano wa jamii na polisi ambalo halitajwi katika ripoti yoyote. Ni mafuta ya gari. Katika vituo kadhaa nilivyovijua, mlalamikaji aliambiwa gari halina mafuta, akitaka mtuhumiwa akamatwe achangie. Najua ukata wa vituo, nimeuishi. Lakini siku masikini anapotoa fedha ili askari waende, tajiri naye atatoa ili wasiende. Kamati yenu iwe na msimamo hapa: kuchangia matofali ya kituo kwa uwazi, risiti zikiwepo, sawa. Kuchangia mafuta ya kesi yako, hapana. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Anayeombwa chochote aende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya siku hiyo hiyo.

Niseme na nyinyi wenyewe wa ulinzi shirikishi, maana ripoti ya mwaka ni yenu pia. Kikundi chenu ni macho na masikio. Mkimkuta mtu anafanya kosa mnaweza kumzuia, lakini mumfikishe kituoni bila kuchelewa. Hamna mahabusu, hamna bakora, hamna ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu kupekua. Nimeona kesi nzuri za wizi zikiharibika kwa sababu mtuhumiwa alifika kituoni na mbavu zimevunjika, na walioishia mahakamani ni walinzi. Andikeni daftari la kila usiku: waliolinda ni nani, saa ngapi, walikutana na nini. Linapokuja swali, daftari hilo litawasitiri. Na sheha asifanye baraza la kusuluhisha jinai. Ugomvi wa mtaa, kuku kuingia konde ya jirani, matusi ya uani, hayo ayamalize kwa busara yake. Mtoto akidhalilishwa, kazi ya sheha ni moja, kumsindikiza mzazi.

Sitaki kuandika haya yote nikajifanya hakuna kilichopita. Januari 2001, katika maandamano ya kisiasa, Pemba ilipoteza watu mbele ya bunduki za vyombo vya dola, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa madau. Aliyekuwa kijana siku ile leo ni mzee wa mkutano. Mimi nilikuwa na sare. Siwezi kumwambia mtu aliyezika ndugu yake akiamini kituo kwa sababu tumecheza mpira. Nimejifunza tu kwamba imani ya hapa hairudi kwa tangazo la Kamishna. Inarudi mlango mmoja mmoja, kwa askari aliyeitwa usiku akaja, aliyeandika maelezo bila kumdharau mlalamikaji, aliyerudi kumwambia mama kesi imefika wapi. Hilo la kurudi kutoa habari ndilo ninaloliweka mbele ya yote. Ningeomba ripoti ijayo iwe na mstari wake: kati ya walalamikaji wote, wangapi walirejeshewa taarifa ya kesi zao?

Ama maoni yenu yapelekwe wapi. Polisi ni jambo la Muungano. Mkuu wa kituo yuko chini ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, naye chini ya Kamanda wa Mkoa wa Kaskazini Pemba, juu yake Kamishna wa Polisi Zanzibar pale Ziwani, hadi kwa Inspekta Jenerali. Sheha wenu yuko katika mkondo mwengine, wa Mkuu wa Wilaya na Serikali ya Mapinduzi. Ndiyo maana mkutano wa shehia hauwezi kumwamuru mkuu wa kituo aongeze doria. Lakini mikondo hii miwili inakutana mahali pamoja: Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Polisi wa Wilaya ni mjumbe. Barua yenu ipitie kwa sheha ifike huko, nakala kwa mkuu wa kituo. Mpelekeeni nakala yake nyinyi wenyewe kwa mkono, kabla hajaisikia kwa mtu mwengine. Iwe kurasa mbili, isizidi. Mshukuruni kwa kuja kusoma hesabu ambazo alijua zitamletea maneno, kwa sababu angeweza kuzificha. Kisha yawekeni yale maswali ya mafaili, ya msimu wa karafuu na ya skuli, muombe majibu kabla ya mavuno yajayo.

Limebaki la yule mzee aliyesimama. Umeniandikia maneno yake tu, hukuniandikia kama kuna aliyemfuata baada ya kikao. Miaka yangu ya upelelezi ilinifundisha kumsikiliza anayepaza sauti kuliko wote: mara nyingi ana analolijua, na lina jina la mtoto. Msimwandikie barua. Nenda kwake wewe mwenyewe baada ya alasiri, na askari mwanamke wa dawati asiye na sare, mkae barazani, mnywe chai yake, mumwache aseme kwa muda wake. Ikiwa hatasema siku hiyo, rudini Ijumaa.